Nilivyojifunza Kulitengeneza Giza

Kwa miaka mingi, nilipowafundisha vijana kutengeneza kamera ya kopo, somo langu lilikuwa moja tu: ziba. Ziba mfuniko, ziba mshono, ziba pembezoni mwa kibati chenye tundu, mwanga wa nje usipate pa kupenyea. Kila mwalimu niliyemjua alifundisha hivyo. Siku hizi naanzia kwengine. Naanza na mwanga ambao tumeuruhusu wenyewe kuingia, ule uliopita tunduni kihalali, ukafika kwenye karatasi, ukachora picha, kisha ukakataa kutulia. Mwanga huo umebadilisha namna ninavyofundisha, umebadilisha picha ninazopiga, na umenifanya nizitazame upya nyuso za watu wangu. Ndiyo maana natoa ushuhuda huu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, hapa Unguja. Jumamosi asubuhi hukutana na kundi la vijana wanaopenda picha, na kazi yetu kubwa ni kamera ya tundu la sindano. Haina lenzi. Ni kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bati, limetobolewa ubavuni, na ndani yake, mkabala wa tundu, imewekwa karatasi ya picha inayofuata mviringo wa ukuta. Mwanga unaotoka kila sehemu ya mandhari hupita tunduni kwa mstari ulionyooka ukaangukia mahali pake upande wa pili, juu chini, kulia kushoto. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake kubwa Cairo karne ya 11, aliliandikia jambo hili risala nzima, kuhusu umbo la jua lililopatwa linavyoonekana kupitia tundu dogo. Waliokaa chini ya miembe tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likawa pete kule Rujewa na likabaki hilali huku kwetu, waliliona aliloliandika: nafasi baina ya majani zilimwaga hilali ndogo ndogo ardhini kote.

Kopo letu la kawaida lina upana wa sentimita 10 na kimo cha 14. Kwa masafa hayo ya sentimita 10 kutoka tunduni hadi kwenye karatasi, tundu linalotoa picha kali lina kipenyo cha karibu milimita 0.45, na huo ni upenyo mdogo mno wa kupitishia mwanga. Karatasi ya picha nayo hushika mwanga polepole kuliko filamu. Kwa hiyo hata kwenye jua kali tundu hukaa wazi nusu dakika hivi, na penye kivuli dakika kadhaa. Wakati wote huo mwanga unaingia, na wakati wote huo chochote king'aacho ndani ya kopo kinaurudisha.

Bati tupu hurudisha zaidi ya nusu ya mwanga unaoligusa. Hilo tulilijua, na makopo yetu tuliyapaka rangi nyeusi, rangi yoyote nyeusi iliyopatikana soko la Darajani, mara nyingi ya mafuta. Tulipiga ngalawa, minazi, majahazi yaliyopwewa. Picha zilitoka na watu walizisifu. Utando mwepesi uliotanda juu ya kila picha tuliuhesabu kuwa ndiyo haiba ya kamera ya kopo, na wageni walioziona walituambia zinafanana na ndoto.

Kilichonibadilisha ni picha ya bibi yangu.

Nilimkalisha barazani kwake, mitaa ya Ng'ambo, mgongo ukiuelekea ukuta uliokuwa umepigwa chokaa kwa ajili ya Idi. Amevaa buibui, uso wazi, mikono juu ya magoti. Alikaa bila kutikisika muda wote tundu lilipokuwa wazi, maana bibi zetu wanajua kukaa. Nilipompelekea picha aliishika mbali kidogo na macho, akaigeuzia kwenye mwanga wa mlango, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu," akasema, "ukuta umeupatia khasa. Hata brashi ya fundi inaonekana ilikopita. Mimi je, umenipeleka wapi?"

Kweli. Chokaa ilionyesha kila mstari wa brashi. Uso wake ulikuwa bapa la kijivu, hauna mashavu, hauna ile mikunjo ya pembeni mwa macho ambayo ndiyo bibi mwenyewe. Buibui, nguo nyeusi kuliko zote nyumbani mle, lilitoka rangi ya majivu. Nikazitoa picha zote za watu tulizowahi kupiga, nikazipanga mezani. Popote palipokuwa na ukuta mweupe au mbingu pana nyuma ya mtu, mtu alikuwa amefifia. Mikoko ilikuwepo, misikiti ilikuwepo, bahari ilikuwepo. Watu wetu hawakuwepo.

Sababu yake inaonekana vizuri kwa hesabu ndogo, na nimeshaiandika ubaoni mara nyingi tangu hapo. Tuseme ukuta wa chokaa unaleta kwenye karatasi mwanga wa kiasi cha 100. Shavu la bibi linaleta 8, kivuli cha jicho lake kinaleta 3, na mkunjo wa buibui unaleta 1.5. Sasa tuseme ndani ya kopo kuna mwanga unaorukaruka, umeenea kila mahali, na kiasi chake ni 2 tu. Ukuta unakuwa 102, na hakuna jicho litakalogundua. Buibui linakuwa 3.5, zaidi ya mara mbili ya lilivyo. Shavu linakuwa 10 na kivuli cha jicho 5. Shavu lililokuwa likikizidi kivuli karibu mara tatu sasa linakizidi mara mbili, na hiyo tofauti iliyoliwa ndiyo iliyokuwa umbo la uso. Asilimia 2! Ukuta umeitoa na wala hauihisi. Mzigo wote umewaangukia walio weusi. Kwa watu wenye ngozi zetu, wanaoishi kwenye mji wa chokaa na jua la utosi, hili si suala la urembo wa picha. Ni suala la nani anaonekana.

Mtaani kwetu yupo mzee aliyetumia ujana wake katika kazi ya picha, enzi ambazo Mji Mkongwe ulikuwa na studio za kuheshimika kama Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930. Nikamchukulia kopo langu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini leo?"

Nilitaraji ataliangalia tundu. Hakuliangalia. Alifungua mfuniko, akaliinamisha kopo dirishani, akalizungusha polepole huku mwanga wa nje ukiteleza ukutani kwa ndani. Kisha akanipa nitazame mwenyewe.

"Limepakwa rangi nyeusi," akasema, "lakini halijawa jeusi."

Alikwenda chumbani akarudi na kamera kuukuu ya mbao, ya sahani za kioo, yenye mfuko wa mikunjo mithili ya kodiani. Akaufungua kwa nyuma ili nione ndani. Taa ya dari ilikuwa inawaka juu yetu, lakini ndani ya mfuko ule macho yangu hayakupata pa kushika. Mikunjo yote ilikuwa na weusi ule ule, usio na mstari, usio na doa.

"Unarefuka na kufupika, hiyo ni kazi yake moja," akasema. "Lakini kila mkunjo una shimo lake. Mwanga ukiingia humo, unagonga huku, unagonga kule, unafia ndani. Kopo lako, babu, halina mahali pa kuufia mwanga."

Usiku ule nilichukua kopo la zamani nikalitoboa tundu kubwa mahali karatasi inapokaa, kiasi cha kutosha jicho. Nikazima taa za chumba cha giza, nikamwomba mdogo wangu ashike tochi ya simu mbele ya tundu la sindano, nami nikaweka jicho upande wa karatasi.

Nilichokiona sikukisahau. Mbele kulikuwa na nukta ya mwanga mkali, tundu lenyewe. Hilo ni haki. Lakini chini, kwenye kitako cha kopo, zile pete zilizobonyezwa kiwandani zilikuwa zimewaka, pinde, mmoja ndani ya mwingine, zinang'aa juu ya rangi yetu ya mafuta kana kwamba hatukuipaka. Mshono wa ubavuni ulikuwa mstari wima mweupe. Kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme, kilichoshikilia kibati kwa ndani, kilikuwa kinameremeta kushinda hata bati. Na kila nilipomwambia mdogo wangu apandishe tochi juu, mahali mbingu inapokuwa, kitako kilizidi kuwaka. Nikaelewa pale pale: mwanga wa mbingu unaingia ukishuka. Unaipita karatasi kwa chini, unapiga kitako, na kitako kinaurusha juu, kwenye uso wa mtu.

Kuanzia siku hiyo nina kipimo kimoja, na ndicho ninachowaachia vijana: mahali karatasi inapokaa panatakiwa paone kitu kimoja tu, tundu. Kingine chochote kinachoonekana kutoka hapo ni taa ya pili.

Basi tukaanza kutafuta weusi wa kweli, na hapa ndipo palipokuwa na raha. Vitu vyeusi tukivitazama kutoka mbele, karibu vyote vinafanana. Vitazame kwa mshazari, jicho likiwa karibu na usawa wa kitu chenyewe na dirisha upande wa pili, utaona vinavyotengana. Rangi ya mafuta inageuka kioo. Karatasi ya manila nyeusi inapata mng'ao wa kijivu. Kitambaa cha buibui, ambacho hakikosekani katika nyumba yoyote ya hapa, kinatelezesha mwanga vibaya sana kwa sababu ya uzi wake wa nailoni. Na ndani ya kopo la duara mwanga mwingi hupiga kuta kwa mshazari, haupigi kwa kunyooka. Kwa hiyo kipimo cha mbele ya macho hakina maana. Kipimo cha mshazari ndicho chenyewe.

Jibu letu la kwanza lilikuwa stoo ya shule. Rangi ya ubao wa kufundishia imetengenezwa isimeremete, ili mwanafunzi wa dawati la pembeni, anayeuona ubao kwa mshazari, naye aweze kusoma. Hilo ndilo hitaji letu khasa. Tukaichukua, tukaichanganya na vumbi laini la mbao tulilolichekecha kutoka kwa seremala, na tukaipaka nene. Ikikauka uso wake unakuwa na vijilima na vijibonde, na hata mwanga wa mshazari unakosa uwanda wa kutelezea. Sharti lake ni uvumilivu. Bati lisuguliwe kwanza kwa msasa, rangi iachwe ikauke kabisa, kisha kopo likung'utwe na kupigwapigwa, maana chembe moja ya mbao ikiangukia karatasi inaacha nukta nyeupe kwenye negativu, ile picha ya kwanza ambayo weusi na weupe wake vimepinduka.

Kuna weusi mkubwa zaidi. Mahameli nyeusi hurudisha mwanga usiofika hata asilimia moja, wakati rangi nzuri isiyong'aa hurudisha kama asilimia 5. Uingereza, mwaka 2014, kampuni ya Surrey NanoSystems ilitangaza Vantablack, weusi uliotengenezwa kwa mirija midogo mno ya kaboni, unaomeza asilimia 99.965 ya mwanga. Hatuhitaji kufika huko. Mahameli tunainunua kwa mafundi cherehani, vipande vilivyobaki, tunaigundisha kitakoni na ndani ya mfuniko, pale pete zilipokuwa zinawaka. Kasoro yake ni manyoya. Tunayang'oa kwa kubandika na kubandua utepe juu yake hadi utepe utoke msafi, na tunarudia kila tunapolifungua kopo.

Lakini ufundi ninaoupenda kuliko wote haumgharimu mtu kitu. Ni boksi. Chukua karatasi ya boksi la kawaida la dukani, lowesha upande mmoja, ubandue ngozi ya juu hadi ile mistari ya ndani ibaki wazi, kisha ipake rangi ya ubao. Ibandike kwenye kuta zilizo baina ya tundu na karatasi, mistari ikikata njia ya mwanga. Ukiilaza mistari ifuate njia ya mwanga umefanya kazi bure. Hii ndiyo mikunjo ya kamera ya yule mzee. Mwanga ukigonga rangi mara moja unabaki asilimia 5. Ukilazimishwa kugonga mara mbili kabla ya kutoka, unabaki asilimia 5 ya asilimia 5, yaani robo ya asilimia moja. Umbo limefanya kazi ambayo rangi peke yake isingeifanya.

Baada ya kuta na kitako, nilidhani tumemaliza. Picha ziliboreka sana, ila kwenye ncha za karatasi bado kulikuwa na utando. Hapo ndipo nilipokumbana na jambo ambalo mpaka leo linanisisimua nikilifundisha. Kitu cheupe kuliko vyote ndani ya kamera ni karatasi ya picha yenyewe. Inarudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga. Haiwezi kupakwa rangi. Na ndani ya kopo la duara karatasi imejikunja, mbawa zake mbili zinatazamana. Mbingu iliyochorwa upande wa kushoto inaumulika upande wa kulia. Karatasi inajimulika yenyewe.

Dawa yake si rangi, ni jiometri. Karatasi iliyonyooka haina sehemu inayoiona sehemu nyingine. Mwanga wake unarudi mbele tu, kwenye ukuta wenye tundu, na ukuta huo ukiwa mweusi wa kweli hadithi inaishia hapo. Kwa hiyo kwa picha za nyuso nimeliacha kopo. Natumia kisanduku cha mbao nyepesi, karatasi imelala bapa nyuma, ukuta wa mbele umevikwa mahameli kuzunguka tundu. Kopo ninalo bado kwa mandhari, kwa sababu ule upana wake unaokunja mitaa siwezi kuuacha, ila naweka karatasi nyembamba zaidi, mbawa zisikaribiane. Na nikiweza kuchagua, nachukua karatasi yenye uso usiong'aa. Ile yenye mng'ao hutupa mwanga mahali pamoja ikaacha doa lenye kingo.

Kibati cha tundu nacho kina mambo yake. Tundu likitobolewa kwenye bati nene linakuwa mrija, na kuta za mrija huo zinang'aa. Sisi tunakata kipande cha kopo la soda, ambalo alumini yake ni nyembamba, karibu milimita 0.1. Tunakibonyeza kwa ncha ya sindano hadi kivimbe upande wa pili, tunausugua uvimbe kwa msasa laini, tunabonyeza tena, tunasugua tena, hadi sindano ipenye kwa shida. Kisha upande wa ndani tunaupitisha juu ya moshi wa kibatari upate masizi. Masizi ni weusi mzuri sana, lakini hayavumilii kidole. Hapo ndipo mahali pake, kwa kuwa hakuna mkono unaofika. Tundu lenyewe linasafishwa kwa pumzi.

Mwisho tukatoka nje ya kamera. Huku kwetu, nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua la adhuhuri halishuki hata mwezi Juni chini ya digrii 60 hivi kutoka upeo. Mtu anaweza kufikiri kwamba jua la juu namna hiyo haliingii kwenye tundu la ubavuni. Linaingia, kwa kuinama, na linapiga kitako karibu na ukuta wa mbele. Karatasi yetu ya inchi 5 kwa 7, ikiwa masafa ya sentimita 10 kutoka tunduni, inaona juu hadi digrii 32 tu. Kila kinachoingia kutoka juu ya hapo hakichori kitu, kinakuja kuharibu. Basi tunabandika mdomo wa manila nyeusi juu ya tundu, sentimita moja juu yake, ukitokeza nje sentimita moja na nusu. Unakata kila kilicho juu ya digrii 34 hivi. Kipande cha manila cha ukubwa wa stempu kimefanya kazi kubwa kuliko nusu ya rangi tuliyoipaka.

Faida yake niliiona zaidi kwenye zile picha za miezi, ambapo kopo linafungwa mahali na kuachwa wazi, jua lichore njia yake kila siku. Kopo la aina hiyo lililosahauliwa kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Bayfordbury cha Chuo Kikuu cha Hertfordshire, lililowekwa na Regina Valkenborgh mwaka 2012, lilikutwa mwaka 2020 likiwa na njia za jua 2,953. Kule Uingereza njia hizo ni pinde zinazopanda na kushuka. Sisi tukiligeuza kopo mashariki, jua linapanda karibu wima, mistari imesimama, na kwa muda wa saa mbili hivi limeshaipita karatasi. Saa zinazobaki mpaka adhuhuri lingekuwa linachoma kitako tu, siku baada ya siku. Mdomo wa manila hauozi haraka ukipakwa rangi ya mafuta kwa nje, na hapo rangi ya mafuta ninairuhusu.

Wapo wanaoniuliza watajuaje kama utando ni wa mwanga unaorudi au wa kopo linalovuja. Weka karatasi, acha tundu limefungwa, liache kopo juani muda mrefu kuliko unaotumia kupigia picha, huku ukiligeuzageuza. Safisha karatasi. Ikitoka nyeupe, kopo halivuji. Utando unaouona unazaliwa ndani.

Wapo pia marafiki, wapiga picha ninaowaheshimu, wanaosema karatasi ya picha ina ukali mno na utando kidogo unaisaidia kutoa vivuli. Juu ya ukali wa karatasi wana haki. Lakini mimi nikitaka kuilainisha karatasi naimulika kwa sekunde chache kwenye chumba cha giza, mwanga hafifu, sawasawa kutoka kona hadi kona, kabla ya kuipakia. Kiasi nakipima mimi. Mwanga wa ndani ya kopo haupimiki hivyo: ni mwingi penye mbingu, mwingi penye mshono, na leo si sawa na jana. Pinde za kitako zikimpendeza mtu, aziache kwa kupenda. Siwezi kukubali ziwekwe juu ya uso wa mtu bila yeye wala mpiga picha kuzitaka.

Nilirudi kwa bibi na kisanduku. Ukuta ule ule, baraza ile ile, mbele ya mlango wake. Negativu ilipokuwa inaibuka kwenye dawa chini ya taa nyekundu, ukuta uligeuka mweusi kwanza, kama inavyopasa, na mahali pa buibui pakabaki peupe, safi kabisa, dakika nzima. Hapo nilijua. Kwenye picha iliyochapwa, buibui ni jeusi, na kwenye weusi huo uso umekaa na mashavu yake, na ukiinama unaihesabu mikunjo ya jicho la kushoto. Bibi aliitazama, akaita majirani, kisha akaniagiza nakala mbili, moja ya kupelekwa Maskati kwa dada yake ambaye hawajaonana tangu ujana wao. Siku hizi wazee wa mtaa wananiita wenyewe nije niwapige, na wanataka ukuta wa chokaa uwe nyuma.

Darasani nimegeuza mpangilio. Wiki ya kwanza hakuna anayegusa sindano. Tunasugua bati, tunachekecha vumbi la mbao, tunapaka, na makopo yanabaki juu ya kabati la maabara yakikauka hadi Jumamosi inayofuata. Wiki ya pili tundu linatobolewa, kisha kila mmoja anafunika kichwa na kopo lake kwa shuka nene, mwenzake anamulika tochi, na mwenye kopo anataja kwa sauti kila anachokiona. Kopo linalotajiwa kitu kingine zaidi ya tundu linarudi kwenye msasa.